Mama ana ganzi ya miguu na amepewa dawa ya presha: je, aiache atumie vitamini?

Msomaji wa Mkomani, Lamu, ameuliza hivi:

"Shikamoo daktari. Mamangu ana miaka 62 na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu apatikane na sukari, aina ya pili. Anameza metformini asubuhi na jioni. Mwezi uliopita kliniki walimwongezea losartani ya miligramu 50, ilhali presha yake ilikuwa 136/84, ambayo sisi nyumbani twaiona ni ya kawaida. Walisema pia mkojo wake una protini kidogo. Siku hizo hizo khalati yangu akarudi kutoka Muscat na chupa tatu za vitamini: moja ya neva, moja ya macho, na vitamini E ambayo aliambiwa husafisha figo na moyo. Mama miguu inamfa ganzi, na usiku anahisi kama siafu wanamtembea. Sasa anasema yeye hana presha, ataacha losartani atumie vitamini, maana vitamini ni chakula na dawa ni sumu. Nimwambie nini? Na Ramadhani yaja, atamezaje?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu. Mimi ni mfamasia, na swali lako hili hunijia likiwa ndani ya kikapu: mtu huja na chupa zake, akazipanga moja moja juu ya kaunta, akauliza ipi anywe na ipi aache. Kwa hiyo nitalijibu kama ungekuwa umesimama mbele yangu na chupa za khalati na pakiti ya losartani pamoja.

Losartani asiiache. Chupa ya neva iwekwe kando mpaka damu yake ipimwe vitamini B12. Ya macho na ile ya vitamini E hazina kazi kwa maradhi aliyo nayo mama. Khalati asihisi vibaya, alibeba mzigo ule kwa mapenzi. Ila mapenzi yake tutayatumia vizuri zaidi tukijua kwanza mwilini mwa mama kumepungua nini.

Sasa nikueleze sababu, maana mtu mzima haambiwi "meza tu" akakubali.

Neno linalomchanganya mama ni hilo "dawa ya presha". Anaiangalia 136/84, anaona si kubwa, anajiuliza dawa ya nini. Lakini wewe mwenyewe umeandika jambo zito katikati ya barua yako kama lisilo na maana: mkojo una protini kidogo. Hilo ndilo lililomfanya mtu wa kliniki aandike losartani.

Chukua kifumbu cha kukamulia nazi. Unatia nazi iliyokunwa, unamwagia maji, unakamua, tui linashuka na machicha yanabaki ndani. Kikikamuliwa kwa mkono wa kawaida, kifumbu hudumu. Akija mwenye mkono mzito, akakisokota kila siku kwa nguvu zake zote, ukindu huachana, na siku moja unaona machicha yanaelea kwenye tui. Figo moja ina vifumbu vya namna hiyo karibu milioni moja, vidogo visivyoonekana ila kwa darubini. Damu huingia kwenye kila kimoja kwa mshipa mmoja na kutokea kwa mwingine. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mshipa wa kuingilia hulegea, na ule wa kutokea hubanwa na homoni iitwayo anjiotensini. Damu inaingia kwa wingi, mlango wa kutokea ni mwembamba, na shinikizo ndani ya kichujio linapanda hata kama kipimo cha mkononi chasoma 136. Hapo albumini, protini ya damu ambayo haina ruhusa ya kupita, huanza kupenya kwenye mkojo. Hayo ndiyo machicha kwenye tui.

Losartani huizuia anjiotensini isifanye kazi yake. Mshipa wa kutokea unafunguka, mkono uliokuwa ukisokota kifumbu unalegea. Presha ya mkononi hushuka pia, na hilo ni jema, lakini kwa mama shabaha ya kwanza ni figo. Mimi kwa wagonjwa wa namna yake nimeacha kuiita dawa ya presha. Nawaambia: hii ni dawa ya kulinda figo, na presha itafaidika humo humo. Jaribu kumwambia hivyo, utaona anavyoisikiliza kwa sikio jingine.

Hili si dhana. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uitwao RENAAL, wa watu 1,513 wenye kisukari aina ya pili ambao figo zao zilikuwa tayari zimeumia na zikivujisha protini. Wote walitibiwa presha kwa dawa nyingine. Nusu yao wakaongezewa losartani, nusu vidonge visivyo na dawa ndani. Waliopata losartani hatari yao ya figo kufa kabisa ilipungua kwa asilimia 28. Na figo kufa maana yake ni mashine ya kusafisha damu, kama saa nne kila kikao, mara mbili au tatu kwa wiki, bila kukoma mpaka apatikane wa kumpa figo nyingine. Mtu wa Kizingitini au Faza aongeze hapo safari ya boti kila mara, kusi na kaskazi.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila mwenye sukari aujue, kwa sababu ulizipima hizi mbili anazozilinganisha mama, vitamini na dawa ya presha, katika kundi moja la watu na kwa wakati mmoja. Unaitwa HOPE, na ulitoka mwaka 2000. Ndani yake mlikuwa na watu 3,577 wenye kisukari, wa miaka 55 kwenda juu, walio na maradhi ya moyo au angalau jambo jingine la kuwatia hatarini. Wengine walipewa ramiprili miligramu 10, dawa ambayo hufanya kazi kwenye njia ile ile ya anjiotensini. Wengine walipewa vitamini E yuniti 400 kwa siku, wengine vyote viwili, wengine vidonge vitupu. Wakafuatwa kwa karibu miaka minne na nusu. Kwa wenye ramiprili mshtuko wa moyo ulipungua kwa asilimia 22, kiharusi asilimia 33, vifo vya moyo na mishipa asilimia 37, na maradhi ya figo yaliyo wazi asilimia 24. Kwa wenye vitamini E hakikupungua kitu. Na zingatia hili: presha ya wale wa ramiprili ilishuka kidogo mno, kama pointi 2 ya juu na 1 ya chini. Kwa hiyo mtu asiseme "presha yangu si kubwa, dawa itanisaidia nini".

Ile ya E basi iwekeni kando. Yuniti 400 ndicho kipimo kinachopatikana kwenye chupa nyingi. Waambie na wanaume wa nyumbani wasiione imekaa bure wakaanza kuimeza: utafiti mkubwa wa Marekani, matokeo yake ya mwaka 2011, ulionyesha kwamba wanaume waliomeza kipimo hicho kila siku walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17 kuliko wasiomeza.

Kuhusu usemi wa mama kwamba vitamini ni chakula. Vitamini iliyo ndani ya samaki, yai na mchicha ni chakula, wala sibishani naye. Lakini tusome lebo ya ile chupa ya neva. Vidonge vingi vya neva vina B1, B6 na B12, na B6 humo huwa miligramu 100, mara nyingine 200, kwa kidonge kimoja. Mwili wa mtu mzima wahitaji B6 chini ya miligramu 2 kwa siku nzima. Kitu kilichozidi hitaji mara hamsini au mara mia hakiwezi tena kuitwa chakula. Hiyo ni dawa, na ina madhara yake kama dawa. La kusikitisha zaidi ni kwamba B6 ikizidi kwa muda mrefu huumiza neva zenyewe: inaleta ganzi na mchomo wa miguu na mikono, ile ile dalili iliyomfanya mtu ainunue. Mgonjwa anahisi ganzi imezidi, anaongeza kidonge cha pili. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya mwaka 2023 waliweka mpaka wa miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Angalia kidonge kimoja cha khalati kiko wapi na mpaka huo uko wapi.

Kwa figo hali ni mbaya zaidi. Nchini Kanada walikusanya watu 238 wenye kisukari ambao figo zao zimeumia, wakawapa nusu yao vitamini B kwa wingi: asidi foliki miligramu 2.5, B6 miligramu 25 na B12 miligramu 1 kila siku. Waliotengeneza utafiti ule walitarajia vitamini zitawasaidia. Ulipochapishwa mwaka 2010, baada ya miezi 36, uwezo wa figo wa kuchuja ulikuwa umeanguka kwa pointi 16.5 kwa waliopewa vitamini, na 10.7 kwa waliopewa vidonge vitupu. Mshtuko wa moyo, kiharusi na mambo ya namna hiyo yalikuwa mara mbili kwa wenye vitamini. Mama ana protini kwenye mkojo. Yeye ni mmoja wa watu wa aina ile. Ndiyo maana nakuomba chupa hiyo isiguswe kwa kubahatisha.

Lakini B12 peke yake, kwa mtu aliyepungukiwa nayo, ni habari tofauti kabisa. Hapa nataka unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu huenda ganzi ya mama inatoka huku.

Metformini ni dawa njema, nami nitaitetea daima. Ila ina kasoro moja ambayo hatuisemi vya kutosha: inapunguza unyonywaji wa B12 katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Ini huwa na akiba ya B12 ya miaka, hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, hakuna linaloonekana. Akiba huliwa polepole. Kule Uholanzi walifuatilia watu kwa miaka 4.3 wakimeza metformini ya miligramu 850 mara tatu kwa siku, na B12 yao ikashuka kwa asilimia 19 ikilinganishwa na wasiomeza. Mwaka 2022 wasimamizi wa dawa wa Uingereza waliwaagiza madaktari wampime B12 yeyote anayemeza metformini akiwa na dalili. Mama yuko mwaka wa kumi na moja na miguu inamfa ganzi.

Utaniambia: sisi watu wa Amu samaki hawatoki sahanini, na pweza na chaza tunakula, B12 itapunguaje? Ni kweli, hivyo vyote vimejaa B12. Lakini tatizo la metformini haliko sahanini, liko utumboni. Chakula kinaingia nacho, utumbo haukipokei. Na kama mama anameza omeprazoli kwa ajili ya tumbo, na wengi huimeza kwa miaka bila kuambiwa lini waache, hiyo nayo inapunguza B12. Mtajie daktari.

Nikueleze jambo moja langu, ambalo bado hunisononesha. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa kuunda vyombo, mtu wa kazi, aliyekuwa akija kwangu kila mwezi kununua B-kompleksi ya bei nafuu kwa ajili ya ganzi. Nilimuuzia kwa miaka miwili. Alikuwa na metformini kwa miaka tisa na sikuwahi kuunganisha haya mawili. Vidonge vingi vya B-kompleksi vya namna ile havina B12 kabisa, na mimi nilijua hivyo, kwa sababu ndiyo kazi yangu kujua. Siku moja tukiwa kliniki nilimpima nyayo kwa kile kiuzi kigumu cha nailoni, mfano wa mshipi wa kuvulia, kilichotengenezwa kipinde kikifikia uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, unamgusa sehemu kadhaa za wayo, naye husema "naam" kila akihisi. Nikagusa kidole gumba, nikagusa chini ya vidole, kulia kisha kushoto. Kimya. Nikarudia. Akaniuliza kwa upole, macho bado ameyafumba, "Mwanangu, mbona huanzi?"

Damu yake ilipopimwa, B12 ilikuwa chini sana. Alipigwa sindano za B12 kwa miezi. Mwendo wake ukatulia, akaacha kushika kuta za vichochoro akitembea usiku, na wayo wa kulia ukarudisha hisia. Vidole viwili vya kushoto havikurudi tena. Miaka ile miwili ilikuwa yangu, na ndiyo sababu siku hizi kila mwenye metformini zaidi ya miaka minne namuuliza habari ya miguu yake kabla sijampa chochote.

Basi kabla mama hajameza kidonge chochote cha neva, ombeni kipimo cha B12. Kama maabara ya karibu nanyi haipimi, waulize kama wanaweza kupeleka sampuli kwingine, Malindi au Mombasa. Ikionekana iko chini, tiba ni B12 yenyewe: sindano ya mikrogramu 1,000 kwa ratiba atakayopanga daktari, au vidonge vya kipimo kikubwa. Neva hupona taratibu sana, mhesabie miezi wala si siku. Asipewe asidi foliki peke yake akidhani anaongeza damu, kwa sababu foliki inaweza kuficha upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika chini kwa chini.

Na kama B12 yake ni sawa? Basi ganzi hiyo ni ya sukari yenyewe, na vitamini haitaiondoa. Hapo tunaangalia wastani wake wa sukari wa miezi mitatu, tunaituliza, na maumivu ya usiku yana dawa zake, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo, ambazo zinamlaza mtu usingizi ingawa haziponyeshi neva. Miguu ikaguliwe kila usiku kwa taa, katikati ya vidole na kisigino. Asitembee pekupeku juu ya mchanga wa adhuhuri wala kwenye vichochoro. Ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua.

Ile ya macho nitaipita haraka. Chupa za macho zenye luteini, zinki na vitamini C zilitengenezwa kwa maradhi mengine ya uzeeni, si kwa macho yanayoumia kwa sukari. Macho ya mama yanataka kupimwa nyuma ya jicho kila mwaka, na yanataka presha yenye adabu. Waingereza mwaka 1998 walilinganisha watu wenye kisukari ambao presha yao ilishushwa hadi wastani wa 144/82 na wengine waliobaki 154/87. Tofauti ya pointi kumi tu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na kuharibika kwa macho kwa asilimia 34.

Turudi kwenye losartani, kwa sababu sitaki uione kama haina lawama. Ina mambo yake, na mengine yanahusu maisha yetu ya pwani hasa.

La kwanza, damu ipimwe kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, na potasiamu, kati ya wiki mbili na nne baada ya kuanza, na kila kipimo kikipandishwa. Kreatinini inaweza kupanda kidogo mwanzoni. Ikipanda mpaka asilimia 30 na kutulia hapo, kwa kawaida dawa haiachwi. Ni ishara kwamba shinikizo ndani ya kichujio limeshuka kweli. Nimeona watu wengi wakinyang'anywa dawa hii kwa kupanda kudogo kama huko, wakabaki na presha ya kawaida na figo isiyo na mlinzi.

Potasiamu ndiyo ya kuangaliwa. Losartani huizuia isitoke kwa mkojo, na ikizidi huuvuruga moyo, unaweza hata kusimama. Sasa fikiria dafu. Glasi moja ya maji ya dafu ina potasiamu kama miligramu 600, zaidi ya ndizi kubwa. Mtu mwenye figo nzima anakunywa dafu lake bila shida. Lakini mwenye kisukari, protini kwenye mkojo na losartani, akinywa madafu mawili matatu kwa siku kwa sababu aliambiwa dafu husafisha figo, anajitafutia hatari. Sisemi mama asionje dafu tena. Nasema kipimo kije kwanza. Na ile chumvi inayouzwa kama chumvi ya wagonjwa wa presha, soma lebo: nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, hiyo asiitumie bila ruhusa. Bora apunguze chumvi ya kawaida. Kwetu chumvi nyingi haitoki kwenye kijiko, inatoka kwenye ng'onda, papa mkavu na achari. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula.

Dawa za maumivu. Hapa naomba kwa mikono miwili. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kama peremende, na wamama wengi humeza kwa magoti kila siku. Zikikutana na losartani, figo hubanwa mlango wa kuingilia na kufunguliwa wa kutokea, na damu ya kuchujwa haitoshi. Akiwa na dawa ya kukojoza pia, figo zinaweza kusimama kwa siku chache. Kwa magoti ampe parasetamoli.

Asiazimane dawa. Jirani ana enalaprili, mama ana losartani, mtu anaona zote za presha, aongeze moja. Hizi mbili hufanya kazi kwenye njia moja, na utafiti mkubwa wa mwaka 2008 ulionyesha kuzichanganya za namna hii kunaongeza madhara ya figo bila faida ya ziada. Moja yatosha, ipandishwe kipimo kama daktari anaona. Losartani hufika miligramu 100. Jamaa ya enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa watu wengi, na losartani mara chache sana. Midomo au ulimi ukivimba kwa dawa yoyote kati ya hizi, hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kukuche. Na kama kuna dada yako mwenye sukari ambaye bado anazaa, dawa hizi haziendi na mimba hata kidogo.

Siku akitapika au kuharisha asiweze kunywa, asimamishe losartani na metformini mpaka ale na anywe vizuri tena, na mpige simu kliniki siku ile ile. Mwili ukikauka dawa hizi hugeuka mzigo.

Nyumbani mpimieni presha kwa utulivu. Nyumba za mji wa kale ngazi zake zinajulikana. Mtu akishapanda orofa mbili akafungwa mashine, 136 yaweza kuwa 155. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, kibofu kitupu, mkono usawa wa moyo. Kisha asimame mumpime tena. Wenye neva zilizoumia presha yao huanguka wakisimama, wakapata kizunguzungu, wakaanguka. Kwa umri wake tunalenga chini ya 130/80 kama anavumilia bila kizunguzungu. Daktari pia anaweza kuzungumzia dawa mpya za sukari kama dapagliflozini, ambazo nazo zinalinda figo na moyo. Muulizeni kama zinapatikana na kama zinamfaa.

Kuhusu Ramadhani, aende kliniki kabla ya mwezi kuandama, wiki sita au nane hivi, na majibu ya figo mkononi. Figo zikiwa zimeshuka sana daktari anaweza kumshauri asifunge, na ruhusa ya mgonjwa aijua mwenyewe. Akiruhusiwa, losartani aimeze mara moja kwa siku baada ya kufuturu, na metformini agawe kati ya futari na daku. Ajipime sukari mchana. Watu wengi wa elimu ya dini wanasema kutoboa kidole hakuvunji saumu, na akitaka amuulize sheikh wake. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6 kwenye mashine inayosoma mmol/L, afungue papo hapo, hata kama yabaki dakika kumi kuadhiniwa Magharibi. Futari aanze na tende moja au mbili na maji, kaimati asizidishe, maji anywe kidogo kidogo mpaka daku. Na lile dafu la futari lingoje kwanza majibu ya potasiamu.